Orodha ya mzigo imemsahau anayeubeba

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala yenu kuhusu safari ya kulala usiku mmoja kileleni Nyiragongo, ule mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu wa Goma, ambamo mwandishi anawashauri vijana wa Goma wajiandae tangu sasa, ili siku njia ya kupandia mlima inayoanzia Kibati itakapofunguliwa tena kwa wapandaji wawe wa kwanza kuipita, na anapendekeza wiki za mwanzo wa Juni kwa kuwa mvua huwa imekatika na wageni bado ni wachache. Orodha yake ya vitu vya kubeba imekamilika kwa upande wa msafiri: viatu vigumu, koti la mvua, tochi, mfuko wa kulalia, maji ya kutosha. Hata hivyo, hakuna mstari hata mmoja unaomtaja mtu atakayevipandisha vitu hivyo, na kwa wengi wetu tuliowahi kwenda huko, mtu huyo hakuwa sisi wenyewe.

Wapo watakaoniuliza kama huu ni wakati wa kuzungumzia kupanda mlima, ilhali watu wa Kibati na Kanyaruchinya, vijiji vya chini ya mlima vilivyoguswa na vita, wana maswali mazito zaidi ya hayo. Sibishani nao. Ninajibu tu lililokwisha kuchapishwa.

Nilipanda mwanzoni mwa Juni 2017, nikiwa bado nafundisha, pamoja na walimu wenzangu na vijana kadhaa wa kwaya yetu. Tulianza kutembea saa nne asubuhi tukiwa na walinzi wa mbuga wenye silaha mbele na nyuma, na wapagazi ambao mwandalizi wa safari, nisiyependa kumtaja, alikuwa amewakusanya asubuhi hiyo hiyo. Mlima ule hauna chemchemi wala kijito njiani. Kila tone la maji ya kunywa, ya kupikia na ya kunawia hupanda mgongoni mwa mtu, na makala nayo vilevile (namaanisha makala ya kupikia, yaani makaa, Bwana Mhariri, si ya gazeti). Kijana aliyebeba begi langu alikuwa amefunga juu yake bidoni, yaani dumu la maji, la lita 5, na alivaa jezi ya mpira yenye mikono mifupi, kabutura, na mabuti ya plastiki bila soksi. Nilimwuliza kama hana koti. Akanijibu, «Mama, sisi tumezoea.»

Jibu hilo nililipokea, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Mwanzo wa Juni kwenye kalenda ni kiangazi, lakini mlimani mvua haisomi kalenda. Udongo wa msituni ulikuwa bado tope la Mei, na tulipofika karibu na Shaheru, ile kreta (shimo la volkano) ya zamani iliyoko ubavuni kusini, ukungu ulishuka, kisha mvua ikanyesha kwa muda unaozidi saa nzima. Sisi tulivaa makoti. Kijana yule alitoa kipande cha nailoni mfukoni, nikadhani atajifunika, kumbe alifunika begi langu, akaendelea kupanda juu ya mawe ya lava yanayoteleza, maji yakimtiririka shingoni. Ndani ya begi lile mlikuwa na sweta tatu zangu. Nilikuwa nimefungasha tatu kwa sababu niliambiwa juu kuna baridi.

Baridi hiyo inaweza kuhesabiwa na mwanafunzi yeyote. Goma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, kilele kiko mita 3,470, na hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Usiku ambao hapa mjini ni wa nyuzi 15, kule juu ni wa nyuzi 3 hivi, kabla hujauongezea upepo unaopita ukingoni bila kizuizi. Kwa mwenye nguo kavu hilo ni usumbufu. Kwa aliyelowa hadi mifupani na aliyetoka jasho kwa saa tano chini ya mzigo, ni ugonjwa unaokuja taratibu.

Lile ziwa la lava tuliloliendea tuliliona, na sitasema uongo kwamba sikulifurahia. Giza lilipoingia, moshi ulijisogeza upande mmoja na tukaliona chini kabisa ya kreta, ukoko mweusi unaopasuka mistari myekundu, mistari inayotembea na kumezana, na sauti yake ilikuwa ile ile ya mawimbi ya Ziwa Kivu yakipiga mawe, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Mwandishi wenu angepaswa kuwakumbusha vijana kwamba baada ya mlipuko wa 22 Mei 2021 ziwa hilo lilikauka, na kwamba atakayepanda kesho asidai kuonyeshwa tuliyoyaona sisi.

Tukiwa bado tunapiga picha, mlinzi mmoja alikuja kuniita. Wapagazi walikuwa wamejibana ndani ya kibanda kimoja, mlango umefungwa, mbabula, yaani jiko la makaa, ikiwaka katikati. Aliuvuta mlango wazi, akaitoa mbabula nje kwa mguu, akawafokea. Sisi wa Goma tunawafundisha watoto wetu tangu wadogo kuogopa mazuku, ile hewa nzito inayolala mabondeni kuelekea Mugunga na kuua mbuzi na watu bila kelele, lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi nyingine, isiyo na rangi wala harufu, inayoua vilevile? Na watu hawafungi mlango kwa ujinga. Wanaufunga kwa sababu hawana blanketi.

Kijana wangu alikuwa kwenye kona. Alikuwa anajaribu kufungua fundo la kamba ya bidoni na vidole havikumtii; vilikuwa vikigusa fundo na kuteleza, vinaligusa tena na kuteleza. Alikuwa ameacha kutetemeka, nami nikaona ni nafuu. Mlinzi akanisahihisha: mtu aliyelowa akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, na akaanza kujibu nusu nusu kama mlevi, mwili wake umeshindwa kujipasha joto wenyewe. Hakumsogeza kwenye moto, wala hakuruhusu asuguliwe mikono na miguu. Alimvua jezi, akamvisha sweta zangu mbili moja juu ya nyingine, akamfunika kichwa, akamwingiza katika mfuko wangu wa kulalia na kuanza kumpa chai ya sukari nyingi kidogo kidogo, baada ya kuhakikisha kwamba anaweza kumeza vizuri. Ilipita karibu saa mbili kabla hajaanza kuongea sawasawa. Kwa bahati nzuri hatukupoteza mtu. Bahati si mpango.

Shuleni nimefundisha kwa miaka mingi kwamba mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alipanda Nyiragongo. Jina lake liko katika daftari za wanafunzi wangu wote. Ya waliombebea mizigo sikuwahi kuyafundisha, kwa kuwa nami sikufundishwa, na naona makala yenu inaendelea na desturi hiyo hiyo katika karne nyingine.

Kwa hiyo naomba, mtakapoichapisha tena orodha ile, muiongezee mambo machache. Mwandalizi aonyeshe kabla ya kuondoka, si kwa maneno, koti la mvua, nguo kavu na blanketi la kila mpagazi, na gharama hiyo iingie katika bei ya safari, kama chakula chao nacho. Mizigo ipimwe kwa mizani pale Kibati mbele ya wote. Sisi tuliambiwa kila mtu abebe kilo 15, lakini mizani haikuwapo, na bidoni hazikuhesabiwa kuwa mzigo. Kibanda cha wapagazi kihesabiwe pamoja na vya wageni. Kiongozi awe na ruhusa ya kuwarudisha watu wote mvua ikizidi, bila malipo ya mpagazi kukatwa hata franka moja, kwa maana anayeogopa kukatwa malipo hatasema kwamba anaumwa. Na kama safari inaweza kusubiri hadi mwisho wa Juni, isubiri. Wiki tatu zinatosha njia kukauka.

Mwandishi wenu akitaka kusikia mengine nisiyoyajua, hahitaji kungoja mlima ufunguliwe. Baadhi ya waliokuwa wakipandisha mizigo wakati ule leo wanasukuma chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili, kutoka Kibumba kuja mjini na viazi na makaa. Asubuhi mapema huwa wanapumzika kando ya barabara, na wana muda wa kuzungumza.

Mwalimu mstaafu,
Himbi, Goma