Binamu, Karimjee si ya misiba tu

Binamu yangu mpendwa,

Juzi kwenye kundi la familia uliandika kwamba Karimjee, ule ukumbi wa Dar es Salaam, ni pa kuagia wakubwa waliofariki, basi. Sikukujibu palepale kwa sababu jibu langu ni refu.

Ni kweli, Dar es Salaam iliwaaga pale Ruge Mutahaba na Reginald Mengi mwaka 2019, na Edward Lowassa mwaka 2024. Nami naiheshimu desturi hiyo: aliyetoka Mbagala kwa daladala anapita mbele ya jeneza lilelile analopita waziri. Kinachoniuma ni kwamba kizazi chetu kinavijua viwanja, ukumbi wenyewe hakiujui.

Ule ulijengwa ili watu wakutane waseme. Familia ya Karimjee, wafanyabiashara waliotokea Zanzibar, waliujenga miaka ya 1950 wakaukabidhi mji kama zawadi. Mmoja wao, Abdulkarim Karimjee, alikuwa meya wa mji huu, na akawa pia Spika wa Baraza la Kutunga Sheria, yaani bunge la enzi za ukoloni.

Halafu ikaja kura tatu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU, chama kilichopigania uhuru, karibu ipasuke kwa ubishi pale Tabora kabla ya kukubali kushiriki. Ikakubali, ikashinda, na watu wake wakaingia Karimjee kutunga sheria. Baadaye akaketi humo Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Dar es Salaam ambaye watu walianza kumjua kwa sauti yake kwenye ngoma za akina mama. Hapo ndipo moyo wangu unapokaa, binamu. Mbunge! Na tarehe 9 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere akala kiapo humohumo kuwa Rais wa kwanza wa Tanganyika. Bunge liliendelea kukutana pale miaka mingi kabla ya kwenda Dodoma.

Kwa hiyo ukija likizo na watoto, twende. Tutapitia bustani ya mimea iliyo jirani, ya tangu 1893 enzi za Wajerumani, kisha tuombe kuingia ukumbini. Binti yako anayependa kubishana aone alipokaa Bibi Titi. Na nitaulizia mapema ratiba ya baraza la madiwani wa jiji. Vikao vyao viko wazi kwa mwananchi yeyote, tukae tuwasikilize wakijadili masoko na mitaro yetu. Nipe tarehe tu.