Malango ya APRS yajibu, yasipokee tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi waendeshaji wenzangu wa redio za ridhaa wafikirie upya namna tunavyojenga vituo vya lango la intaneti, yaani vinavyounganisha redio na intaneti, vya APRS, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Bob Bruninga, ambao hurusha mahali alipo mtu kama pakiti fupi za redio, na kwa Afrika kwa kawaida kwenye 144.800 MHz. Lango la kupokea tu ni rahisi, kwani kompyuta ndogo na kipokezi cha bei nafuu vinatosha kuweka alama kwenye ramani. Lakini ujumbe unaotoka kwenye intaneti kwenda kwa mpanda mlima aliye nje ya mtandao wa simu haumfikii kupitia lango hilo, kwa sababu halina mtambo wa kurushia. Binafsi naona lango moja la pande mbili, lenye leseni na lililowekwa penye mwinuko, lina faida kuliko matano ya mezani ya kupokea tu, hata kama ramani itapungua madoido. Masafa haya huzuiwa na milima, hivyo kimo cha antena kina uzito kuliko nguvu ya mtambo. Tena pakiti hizi hazifichwi. Anayefunga kifaa garini ajue kwamba yeyote anaweza kufuatilia njia yake.

Mwendeshaji wa redio ya ridhaa,
Arusha