Mafundi kompyuta waliojifunza wenyewe watambuliwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee vijana wa Kigoma waliojifunza kompyuta kwa kuipenda tu, na ambao leo wanahangaika kupata kazi inayolingana na ujuzi wao. Hapa Mwanga yupo kijana ambaye huifungua kompyuta mpakato iliyokataa kuwaka, akapima umeme kwenye saketi hatua kwa hatua mpaka aipate kapasita iliyoungua, kisha akaing'oa na kulehemu nyingine; lakini tangazo la ajira likitoka linadai cheti, naye hana. Jambo hili linaniuma sana.

Fani yenyewe imejengwa kwa sehemu kubwa na watu wa aina hiyo. Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux, programu ya msingi inayoendesha kompyuta, mwaka 1991, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, alieleza kuwa anaifanya kwa kujifurahisha, na leo kazi hiyo ndiyo kiini cha simu za Android tunazotumia kutumiana fedha, wavuvi wetu wa Ziwa Tanganyika wakiwamo.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao mafundi wa fani mbalimbali wamenufaika nao. Naomba utaratibu huo utangazwe kwa bidii mpaka uwafikie mafundi kompyuta wa mitaani, na waajiri, halmashauri zikiwa za kwanza, wakubali kumwekea mwombaji mashine mbovu mezani kabla ya kumuuliza amesoma wapi.

Mkazi wa Mwanga,
Kigoma