Wazee tunaodaiwa nasi tuna Mungu, makanisa yatusikilize

Ndugu Mhariri,

Bwana Yesu asifiwe, na kwa wasomaji ambao sio wa imani yangu nawasalimu kwa heshima zote, wakubwa shikamooni na wadogo zangu marahaba. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee jambo ambalo wastaafu wengi tunalo ila hatulisemi, yani hofu ya hela uzeeni, na jinsi neno la Mungu linavyoweza kumtuliza mtu kwenye hiyo hofu bila kumdanganya.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, nakaa Ilula wilaya ya Kilolo mkoa wa Iringa, ni msharika wa KKKT, yani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, toka utoto wangu. Nilistaafu 2019 nilipofikisha ile miaka 60 ya lazima. Watu wengi wanaoandika barua wanalalamikia kikokotoo, yani ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya mstaafu, na mimi nawaunga mkono kabisa, maana walimu wenzangu waliostaafu baada ya Julai 2022 walipewa mkupuo, yani ile hela ya mara moja ukistaafu, wa asilimia 33 wakati wengi wetu tuliotangulia tulichukua nusu, na hata serikali ilipopandisha kwenda asilimia 40 kwenye bajeti ya 2024 bado haijarudi kule ilikokua. Hilo ni dai la haki waendelee kulidai. Ila niseme ukweli, mimi nusu yangu niliipata na bado haikunifikisha mbali, iliezeka nyumba, ikalipa ada ya chuo ya mtoto wa mwisho, na iliyobaki ikaenda kwenye ugonjwa wa baba watoto, kadi ya bima tulikua nayo lakini kadi hailipi nauli ya kwenda Dar na kurudi, hailipi pa kulala anayemuuguza, na kuna dawa unaambiwa hii nenda kanunue nje. Alipofariki nikabaki na pensheni ya mwezi na deni.

Deni lenyewe nilikopa kwa mkopeshaji mmoja wa mtaani, hii mikopo watu wanaiita kausha damu. Alichukua kadi yangu ya benki na namba ya siri kama dhamana, kila pensheni ikiingia anaenda yeye kutoa, anakata chake alafu ananiletea kilichobaki, na chake kilikua hakiishi. Mtu aliyefundisha watoto hesabu miaka yote hiyo nikawa sijui hata nadaiwa shilingi ngapi, maana karatasi ya mkataba alikua nayo yeye. Na aibu jamani. Hapa kwetu ukipita barabarani unaitwa mwalimu, madereva wa malori ya nyanya wanakuita mwalimu, mwenyekiti wa kijiji ulimfundisha wewe, sasa utamwambia nani kwamba leo ndani hamna sukari? Mwanangu ni bodaboda Iringa mjini ana wake na watoto, hicho anachotuma kwa simu najua amejinyima, nikimwambia ukweli nitamuumiza, kwa hiyo kila akipiga namwambia tuko salama tunamshukuru Mungu.

Usiku ndio ulikua mbaya. Nilikua naamka saa nane nakaa kitandani, naomba, ila maombi yenyewe yalikua ni kuhesabu tu, Bwana mwezi ujao ni hivi, umeme hivi, mbolea hivi, alafu naanza upya. Kuna mtu aliwahi kunitia moyo kwa Zaburi ya 37, ule mstari wa 25, nalikuwa kijana nami sasa ni mzee, lakini sijamwona mwenye haki ameachwa, wala mzao wake akiomba chakula. Alinitakia mema najua, lakini mimi ule mstari ulinichoma, nikawa najiuliza basi mimi sio mwenye haki? Mbona nimeomba chakula? Wazee wengi wanaumia hivyo kimya kimya, wanasoma umaskini wao kama hukumu. Baadae ndio nikasoma Zaburi ya 71 nikakuta mzee mwenzangu analia mle ndani, usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache. Huyo nae alikua anamcha Mungu na bado anaogopa kutupwa, na Mungu hakumfukuza kwa kuogopa, akaacha kilio chake kiwekwe kwenye Biblia ili mimi wa Ilula nikitumie usiku. Kuanzia hapo nikaacha kuhesabu, nikawa naisema hiyo zaburi kwa sauti ndogo mpaka usingizi unakuja, na siku zingine haukuji lakini ile hali ya kujiona niko peke yangu ikawa imepungua.

Nilipokua kwenye shida hiyo ndipo walikuja pia watu wa kuniuzia baraka. Kuna redio unasikiliza unaambiwa panda mbegu kwenye namba hii deni lako litafutika, kuna maji, kuna mafuta, kuna kitambaa. Mtu mwenye shida anasikia hizo habari kama wito wake mwenyewe, simcheki hata mmoja aliyetuma hela. Lakini tusisahau mwezi wa 2 mwaka 2020 pale uwanja wa Majengo Moshi, watu 20 walikufa wakisongamana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Wale walikua watu wenye mizigo yao kama mimi. Na sisi Walutheri hatuna kisingizio kabisa cha kunyamazia hii biashara maana kanisa letu limeanzia hapo hapo, mwaka 1517 Martin Luther aliandika zile hoja 95 sababu watu maskini walikua wanauziwa vyeti vya msamaha. Zote tunazitaja kila Oktoba 31 ila nani anasomewa hoja ya 45 na ya 46? Moja inasema anayemuona mhitaji akampita alafu akaenda kununua cheti, anajinunulia hasira ya Mungu, na nyingine inasema mtu asiyekua na ziada aweke akiba ya mahitaji ya nyumba yake asiipoteze kwenye vyeti. Yani miaka mia tano iliyopita mtu alishawaambia maskini kwamba hela ya unga wa watoto wako Mungu haidai.

Sasa niseme kilichonisaidia. Jumuiya yetu tunakutana jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Siku moja somo lilikua 2 Wafalme sura ya 4, yule mjane aliyeachiwa deni na mumewe, anayemdai amekuja kuchukua wanae wawili wakawe watumwa. Nilishaisoma hiyo habari mara nyingi nikiwafundisha watoto wa Sunday school, sikuwahi kuona kwamba ni habari ya deni, nilikua nakimbilia kwenye muujiza. Mama aliyekua anaongoza alisoma pole pole, akasoma Elisha anavyomuuliza, nikufanyie nini? Niambie, una kitu gani nyumbani? Akasimama hapo, akasema wapendwa tusiendelee kwanza, kila mtu aseme ukweli ana nini nyumbani. Watu wakaanza kusema mambo ya kawaida, nina kuku, nina afya, nina mume mwema. Ilipofika zamu yangu sijui ilikuaje, nikasema nina deni na kadi yangu ya benki anayo mtu. Nikalia mbele za watoto niliowafundisha ambao sasa ni watu wazima.

Hakuna aliyenicheka. Mzee mmoja mstaafu mwenzangu akasema na yangu anayo mtu. Alafu mama mwingine. Tulikua tunakaa kwenye mikeka ile ile, tunaombea wagonjwa, tunaombea mvua, tunaombea taifa, kumbe tumebanwa na kitu kimoja na kila mtu anadhani yuko peke yake.

Kilichofata hakikua muujiza wa kushuka toka juu ila mimi nauita ni Mungu na sitabadilisha. Mmoja wa wanajumuiya anayejua mambo ya benki akanisindikiza, nikaomba kadi ya zamani ifungwe nipewe mpya na namba ya siri mpya, nikaomba na taarifa ya akaunti, tukakaa nayo mezani na daftari tukajumlisha kilichotolewa. Alafu tukaenda kwa mkopeshaji tukiwa na mtendaji wa kijiji na wazee wawili wa kanisa, bila matusi, tukamuomba mkataba na tukamuuliza leseni. Wengi hatujui kwamba kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha watu kama biashara anatakiwa awe na leseni chini ya Benki Kuu, sio mtu tu mwenye droo imejaa kadi za wazee. Tukakubaliana kiasi kilichobaki na nalipa mwenyewe kila mwezi kwa mkono wangu, naandikiwa risiti. Sijafutiwa deni. Lakini naijua namba yake, na deni ukilijua namba yake unalala.

Ukiisoma vizuri ile sura utaona Elisha hakumpa yule mama hela. Alimtuma akaombe vyombo kwa majirani, vyombo vitupu, wala usitake vichache. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua, hauwezi kukusanya vyombo vitupu nyumba kwa nyumba bila watu kujua una shida. Na mwishoni anaambiwa ukayauze mafuta haya, uilipe deni yako, alafu yaliyosalia uyatumie wewe na wanao. Mimi hapo ndipo faraja yangu ilipo, kwamba Mungu hakumwambia mjane lisahau deni umwimbie tu, aliliona deni lenyewe, na alijali pia huyu mama atakula nini baada ya kulipa. Mungu anayejua habari za deni ndio naweza kumuomba saa nane usiku.

Kitu nilichokua nacho nyumbani ni kufundisha. Nina baraza na ubao wa zamani, jioni wanakuja watoto wa darasa la kwanza na la pili wasiojua kusoma, wazazi wanatoa wanachoweza, mwingine analeta nyanya, mwingine elfu moja, mwingine hana na mtoto wake anasoma vile vile. Sio hela nyingi. Ila ule mstari wa Paulo kwa Wafilipi, nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo, zamani niliuona wa watu wa kiroho sana, sasa naona amesema nimejifunza, kwa hiyo hata yeye alianza hajui, na mimi nipo darasani bado.

Naomba sasa niwaambie wachungaji na wazee wa kanisa kwa upendo. Baba mchungaji, unapopanga michango ya ujenzi na ahadi, ukasoma majina na kiasi mbele ya ibada, kuna bibi ataacha kuja jumapili inayofata, sio kwamba ameasi, hana cha kuweka kwenye bahasha. Ushuhuda nao, tunapenda kumpa kipaza sauti aliyepata gari, mpeni na aliyemaliza deni la laki mbili baada ya muda mrefu, huyo nae ametendewa. Na idara ya diakonia, yani huduma ya kanisa kwa wahitaji, isiwe ya kutembelea wagonjwa krismasi na pasaka tu. Kanisa la kwanza kabisa, Matendo sura ya 6, liligombana sababu wajane walikua wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, na mitume hawakusema waombeeni tu, walichagua watu saba wenye sifa njema wakasimamie hilo jambo. Kila usharika una wahasibu wastaafu, makarani, wanasheria, watu wa benki. Wawekeni siku moja kwa mwezi wazee waje na makaratasi yao kwa siri.

Kwa vijana sina la kuwagombeza, najua na nyie mnabanwa, 1 Timotheo 5 inasema watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuwatendea wema watu wa nyumbani mwao lakini wema hauanzii kwenye muamala. Piga simu, muulize mama kwa kutaja, unadaiwa na nani? Kadi yako iko wapi? Usikubali jibu la tuko salama.

Na serikali nayo, Zanzibar walianza pensheni ya wazee wote wa miaka 70 mwaka 2016 kwa shilingi 20,000, iwe mtu aliajiriwa au alilima maisha yake yote, na Kenya wana mpango wa kuwapa wazee hela unaoitwa Inua Jamii, shilingi zao 2,000 kwa mwezi. Mimi nina pensheni na nimehangaika hivi, sasa jirani yangu aliyelima mahindi na nyanya toka ujana, hana mfuko wowote, yeye anaishije? Huku bara tulifikirie hilo kwa uzito.

Jumuiya yetu jumamosi ijayo tunasoma hiyo Matendo 6, na baraza la wazee la usharika wamekubali kuja kutujibu kama fungu la diakonia linaweza kusaidia wale wawili ambao kadi zao bado hazijarudi. Wasomaji mnaoomba, mtukumbuke siku hiyo.

Mwalimu mstaafu,
Ilula, Iringa