Barua kwa Salim kuhusu The Larry Sanders Show

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote. Sisi huku tu wazima. Uliniuliza kwa nini, tukizungumzia tamthilia za vichekesho, huitanguliza The Larry Sanders Show, ile ya Marekani kuhusu mtangazaji Larry Sanders na watu wanaotayarisha kipindi chake cha mahojiano cha usiku, mbele ya nyingine zote, nami naona heri nikujibu kwa kirefu, maadamu na wewe umo katika kuandika muswada wako wa tamthilia.

Garry Shandling, aliyeibuni pamoja na Dennis Klein na kuigiza kama Larry, hakuwa mgeni wa mambo hayo. Katika miaka ya 1980 alikuwa akimshikia nafasi Johnny Carson, mtangazaji wa The Tonight Show, kipindi halisi cha aina hiyo, hivyo aliyajua yanayosemwa mbele ya watazamaji na yale yanayonong'onwa matangazo ya biashara yanapoingia. HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, ilianza kuirusha Agosti 1992, miezi michache tu baada ya Carson kustaafu, ikaendelea hadi Mei 1998. Kwa kuwa kituo hicho kiliendeshwa kwa ada za wateja wake, si kwa matangazo, waandishi waliweza kuwapa wahusika lugha kali ileile inayotumika kazini.

Ninalokuomba ulizingatie zaidi ni upigaji picha wake. Larry anapokuwa jukwaani na wageni, tunamwona kwa kamera za video, mbele ya hadhira halisi, katika mwanga mkali. Akivuka pazia kuelekea ofisini, picha inageuka kuwa ya filamu, yenye rangi zilizotulia, na kamera inashikwa mkononi ikiwafuata watu koridoni. Hakuna anayemweleza mtazamaji kwamba sasa yuko upande wa pili, lakini jicho lake linajua papo hapo. Kicheko nacho kinabaki jukwaani. Huku nyuma hakuna hata kile cha kurekodiwa. Kwangu mimi, uamuzi huo ndio uliojenga tamthilia nzima.

Mwangalie Hank Kingsley, msaidizi wa Larry anayeigizwa na Jeffrey Tambor. Mbele ya watu hucheka kila neno la bosi wake. Nyuma ya pazia anahangaika kutaka kujua kama bado anathaminiwa, na kwa sababu hakuna kicheko cha kutuokoa, tunabaki naye katika aibu yake mpaka tunamhurumia. Artie, mtayarishaji wa kipindi, huwadanganya watu wote ili kumlinda Larry, na bado huwezi kuutilia shaka upendo wake. Rip Torn alistahili kabisa tuzo ya televisheni ya Emmy aliyoipata mwaka 1996 kwa nafasi hiyo.

Hata mastaa kama David Duchovny walikubali kuigiza nafsi zao wenyewe bila kujipamba. Nadhani walimwamini Shandling, ambaye aliwasisitizia waandishi wake, akiwemo Judd Apatow aliyekuwa bado kijana, kwamba hawa ni watu wanaopendana ila kazi yao inawaingilia kati.

Nitumie basi lile onyesho la mhariri na mtangazaji wake lililomo katika muswada wako, lakini kwanza yaondoe mazungumzo yote ambayo umeyaweka ili watu wacheke tu, kisha tuone wawili hao wanabaki wakiambiana nini.

Wako,
Hamisi