Mheshimiwa Waziri, watu wahesabiwe kabla ya kamba kufunguliwa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar

Assalaam alaykum.

Kaskazi iliyopita nilivuka kwenda Pemba kwa tiketi ya binamu yangu. Homa ilimlaza asubuhi ya safari, akanipa mimi. Pale bandarini Malindi, Unguja, kijana wa mlangoni alichana kipande chake, akanipungia mkono nipite. Tiketi ina jina la mwanamme, nami nimevaa buibui! Macho yake yalikuwa kwenye foleni. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa na watoto watatu, wa mwisho mgongoni, na mkononi ameshika tiketi moja tu.

Basi kwa karatasi za meli, binamu yangu alikuwa baharini na mimi nilikuwa nyumbani. Lau tungezama, matanga yangewekewa mtu aliyelala kitandani kwake. Wale watoto wasingekuwa hata kwenye hesabu.

Kosa langu nalikiri. Lakini sisi watu wa Pemba jambo hili tunalijua uchungu wake. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikiwa imejaza kupita kiasi. Wako walionusurika kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa mzigo. Miili iliyopatikana siku za mwanzo ilikuwa kama mia mbili. Baadaye tume ya serikali ikataja zaidi ya 1,500 waliokufa na kupotea. Tazama pengo hilo. Hesabu ilibidi itafutwe kwa jamaa, kwa kuwa orodha ya meli haikuwa na majina ya wengi wao. Mwaka haukutimia, Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam.

Sikatai, meli za leo ni bora, na jaketi okozi zipo. Ninaloomba ni dogo. Jina la tiketi lilinganishwe na kitambulisho. Mtoto mchanga, hata akisafiri bure, aandikwe jina lake. Watu wahesabiwe ngazini mmoja mmoja, na nakala ya orodha ibaki nchi kavu kabla ya kamba kufunguliwa. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unadai abiria wahesabiwe, ila unabana safari za baina ya nchi na nchi. Unguja na Pemba ni safari ya ndani, hivyo hapa neno ni lako.

Nitaambiwa foleni itakuwa ndefu. Naam, itakuwa.

Njoo Malindi usiku mmoja, meli ya Pemba ikipakia, bila msafara wala kamera. Simama chini ya ngazi, uhesabu mwenyewe. Kisha muombe nahodha orodha yake, mlinganishe.

Msafiri wa Mkoani, Pemba