Kiunzi si chombo cha kubebea seli tu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala yenu kuhusu seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina mbalimbali, zinazooteshwa juu ya viunzi bandia, yaani fremu zenye vitundu zinazozishikilia seli hadi zijenge tishu, na kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kuzitunza seli hizo maabara, naomba nafasi ya kurekebisha jambo moja. Mwandishi amekieleza kiunzi kana kwamba ni kopo la kupandia mche, ambalo kazi yake ni kushikilia tu. Sivyo kilivyo.

Mwaka 2006, watafiti Adam Engler, Dennis Discher na wenzao walionyesha kwamba seli shina za uboho zikikaa juu ya jeli laini kama ubongo huanza kufanana na seli za neva, juu ya jeli yenye ugumu wa msuli huelekea kwenye msuli, na juu ya jeli ngumu zaidi huelekea kwenye mfupa, ilhali chakula zinachopewa ni kile kile. Anayechagua ugumu wa kiunzi, basi, anashiriki kuamua seli itakuwa nini. Kasi ya kuyeyuka nayo ina uzito wake: kiunzi kikiisha kabla seli hazijajifumia nyuzi zake zenyewe, tishu hubomoka.

Lakini linalonisumbua zaidi ni ile ahadi ya makala kwamba figo na maini yataoteshwa hivyo "hivi karibuni". Nimewahi kukipasua kwa wembe kiunzi kinene kama kidole gumba, baada ya kukitunza kwa wiki kadhaa, nikakitia rangi inayozionyesha seli hai kwa kijani na zilizokufa kwa wekundu. Ukingoni palikuwa na utepe mwembamba wa kijani. Ndani kote, wekundu mtupu. Pasipo na mishipa ya damu, oksijeni haizilishi seli zilizo ndani zaidi ya mikromita 200 hivi, yaani unene wa karatasi mbili. Vibofu vya mkojo ambavyo mtafiti Anthony Atala na wenzake walivitangaza mwaka 2006, vilivyooteshwa kwa seli za wagonjwa wenyewe, viliwezekana kwa sehemu kubwa kwa sababu ukuta wa kibofu ni mwembamba. Ini si hivyo.

Haraka katika jambo hili imekwisha kuua. Kuanzia mwaka 2011, daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini aliwapandikizia wagonjwa watatu nchini Uswidi mabomba ya plastiki ya kupitishia pumzi kooni yaliyopakwa seli za uboho, bila majaribio ya kutosha kwa wanyama. Wote watatu walifariki baadaye, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu. Makala yenu haikulitaja hilo hata kwa sentensi moja, na mgonjwa anayesubiri kiungo alistahili kulisoma.

Mwandishi wenu atakaporudi kwa watafiti aliowaandika, namwomba awaulize kiunzi chao kimetengenezwa kwa kitu gani, na damu itafikaje katikati yake.

Wako,
Mtafiti wa uhandisi wa tishu